Moto Ulioishia Ukingoni mwa Uwanda

Msafiri atokaye Masasi alfajiri, akaiacha nyuma yake ile miamba mikubwa iliyochomoza ardhini kama migongo ya tembo waliolala, kisha akapanda njia ya Newala hadi mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, husimama ghafula kwenye ukingo wa uwanda na kuona chini ya miguu yake bonde pana lenye ukungu, na mbali ndani ya bonde hilo mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huo nchi ya Msumbiji, ambako uwanda mwingine wa Wamakonde unainuka kama pacha wa huu. Kwa kulitupia bonde hilo jicho mara moja tu, anakuwa ameitazama nchi ambayo katika muda usiozidi sana karne moja imegombaniwa na Wajerumani, Waingereza, Wareno na wenyewe wenye nchi. Na kila mara damu ilipomwagika, watawala waliketi barazani wakaulizana swali lile lile: watu hawa, ambao jana walikuwa wakipalilia mtama na muhogo wao, wameingiwa na nini hata leo wakashika silaha?

Swali hilo halijazeeka. Mwaka 2005 mwanachuoni wa Marekani, Robert Pape wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kitabu baada ya kukusanya habari za mashambulizi 315 ya watu waliojitoa mhanga katika pembe mbalimbali za dunia kati ya mwaka 1980 na 2003, akadai ya kwamba zaidi ya asilimia 95 ya mashambulizi hayo yalifanywa na vikundi vyenye lengo moja, nalo ni kuyatoa majeshi ya kigeni katika ardhi ambayo vikundi hivyo viliihesabu kuwa ya kwao. Dini, kwa maneno yake, haikuwa mzizi wa jambo. Wapinzani wake hawakukawia kumkabili kwa hoja iliyo nyepesi kuieleza na nzito kuijibu: ikiwa kukaliwa na wageni ndiko kunakozaa uasi na ugaidi, mbona mataifa mengi yamekaliwa na wageni miaka na dahari, wala hayakuzaa cha namna hiyo?

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta mizani ya kuipima hoja hiyo, maana tunayo kusini mwa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Masasi iliteketea kwa moto, ilhali uwanda wa Newala, ambao mtu wa Masasi huuona kwa macho akiwa nyumbani kwake, haukuingia vitani katika sehemu yake kubwa. Mdachi, yaani Mjerumani, alikuwa yule yule, kodi ile ile, na boma la kuripotia lile lile la Lindi. Atakayeeleza kwa nini moto ulipanda huku ukaishia kule, huyo atakuwa ameufumbua mzozo huu kuliko mwenye kukaa na tarakimu peke yake.

Tuanze basi na kiini cha moto wenyewe, ambacho hakikuwa Masasi bali Umatumbi, katika vilima vilivyo kaskazini-magharibi mwa Kilwa. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kwa watu wa mashambani kodi hiyo ilikuwa rupia 3, fedha ambazo mkulima asiyeuza kitu hakuwa na mahali pa kuzitoa. Kisha, kuanzia mwaka 1902, Gavana Gustav Adolf von Götzen akaamrisha mashamba ya pamba ya pamoja, ambamo raia wa kila jumbe walilazimika kwenda kulima kwa siku zilizopangwa, chini ya jicho la akida na kiboko cha askari wake, na mazao yakauzwa, na faida ikagawanywa kati ya serikali, jumbe na wafanyakazi. Katika wilaya ya Dar es Salaam malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu mmoja. Na wako waliozikataa fedha hizo, kwa sababu kumpa mtu ujira wa namna hiyo ni kumkejeli. Tena pamba haikungoja mtu amalize shamba lake mwenyewe. Mvua za kupalilia pamba ndizo mvua za kupalilia mtama, na mikono ni miwili tu.

Juu ya kuni hizo ndipo ulipoanguka mkaa wa imani. Katika Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale, ambaye watu waliamini kuwa ameingiwa na pepo mkubwa wa majini na kupewa dawa. Dawa yenyewe haikuwa kitu cha ajabu machoni: maji, mafuta ya mbarika, na punje za mtama, vitu ambavyo kila bibi kizee huwa navyo jikoni kwake. Mtu alinyunyiziwa maji hayo, akavaa ubua wa mtama kichwani, akaambiwa kuwa risasi ya Mdachi ikimfika itageuka kuwa maji. Lakini ndani ya dawa hiyo kulikuwa na kitu kingine kisichoonekana, nacho ni ruhusa: ruhusa ya Mmatumbi kumwamini Mngindo, na ya Mngindo kumwamini Mmwera, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na neno moja la kuwaunganisha. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa mashina ya pamba kutoka katika shamba la serikali. Hawakuanza kwa kumwua Mjerumani, wala kwa kuchoma boma. Waling'oa pamba kwanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini kamba ilikuwa imechelewa, kwa maana maji yalikwisha kutoka mkononi mwake, na wale wajumbe walioitwa mahongo walikuwa njiani wakielekea Liwale, kwa Wamwera, na hatimaye Masasi.

Masasi ya siku hizo ilikuwa mahali pa namna ya peke yake. Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alikuja huko mwaka 1876 akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawapa ardhi chini ya miamba, wakajenga kijiji na kanisa. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, walishuka kutoka magharibi, wakakichoma kijiji na kuchukua mateka. Na baada ya msiba huo sehemu ya kazi ya misheni ilihamia Newala, katika himaya ya Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa na urafiki na mapadre hao. Ikawa kuanzia hapo Masasi ina kumbukumbu ya moto, na Newala ina kumbukumbu ya hifadhi. Mwishoni mwa Agosti 1905 Wamwera na wengine waliopokea maji walipofika katika bonde la Lukuledi, misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ilichomwa, na Lukuledi vilevile, na Masasi ikafuata, na mapadre wa Kiingereza wakakimbilia pwani kuokoa roho zao.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: kanisa la Masasi lilikosa nini? Halikutoza kodi, halikulimisha pamba, na tena mapadre wake walikuwa Waingereza, wala hawakuwa na mapenzi makubwa na Mdachi. Jibu, kwa kadiri linavyoweza kutolewa, ni kwamba nchi ikikaliwa na wageni kwa nguvu, raia aliyepigwa hana wasaa wa kuchambua wageni wake mmoja mmoja. Nyumba ya bati, msalaba, bendera na kiboko vyote huja kuonekana kuwa mlango wa nyumba moja. Jambo hili ni la kusikitisha, lakini si la kushangaza. Na wale waliolipa kwa damu hawakuwa lazima wale waliodhulumu. Tarehe 14 Agosti mwaka huo huo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili karibu na Liwale, na katika kuikimbia Nyangao aliuawa Sista mwingine. Hao hawakuwa wapiganaji. Mwenye kuuandika uasi kwa wino wa sifa tupu, asitaje vifo hivyo, anaidhulumu tarikh kama anavyoidhulumu yule asiyetaja pamba.

Moto ulipokuwa ungali ukiwaka, mzozo juu ya chanzo chake ulikwisha kuanza, na ni mzozo ambao kila upande ulitoa jibu lililoupendeza. Götzen, ambaye mashamba ya pamba yalikuwa fikra ya serikali yake, aliona zaidi mkono wa waganga na wachochezi waliowapumbaza washenzi, kama alivyowaita. Walowezi wengine wakawatuhumu watu wa pwani na Uislamu. Mapadre wengi waliwalaumu maakida, ambao aghalabu walikuwa Waislamu wa pwani, wakasema ndio waliowachosha raia. Na huko Berlin, ndani ya bunge la Reichstag, wajumbe wa chama cha Kisoshalisti wakasema kinyume chake: kwamba kodi, kazi za kulazimishwa na kiboko ndivyo vilivyowasukuma watu, na kwamba uchawi ni kisingizio cha mwenye makosa. Ukiyapanga majibu hayo kwa safu, utaona jambo moja: hakuna mtu aliyechagua sababu ambayo ingemgharimu yeye mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 1908, ilipopatikana katika mji wa Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka, yenye kuwaonya Waislamu juu ya siku za mwisho, maafisa wa Kijerumani waliingiwa na hofu kubwa, wakaona uasi mwingine unakuja kwa njia ya msikiti, wakati majeraha ya pamba na njaa yalikuwa hayajapona mbele ya macho yao.

Na tusisahau ya kwamba kulikuwa na njaa. Ugaidi, tukiifasiri istilahi hiyo bila upendeleo, ni kutumia hofu na mauaji juu ya watu wasio na silaha ili kuupinda moyo wa wengine. Na kwa fasiri hiyo hakuna aliyeutumia sana katika vita hivyo kuliko dola yenyewe. Jeshi la Kijerumani, lilipoona kuwa vita vya vichakani havimalizwi kwa risasi, lilichoma vijiji, likachukua nafaka, likazuia watu kupanda, kwa makusudi ya kuifanya njaa iwe silaha. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu 67 kwa siku moja. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ya Waafrika waliokufa katika vita na njaa yake ni 75,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wameipandisha mara mbili, na wengine hadi 250,000 au zaidi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, miaka 118 baada ya pamba ya Nandete kung'olewa.

Sasa turudi ukingoni mwa uwanda, tuulize kwa nini Newala haikuitika wito. Sababu ya kwanza ni kwamba uwanda ulikuwa umekwisha kupigana vita vyake. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na makao yake Luagala, alipoitwa na Kamishna wa Kijerumani, Wissmann, mwaka 1890 aje pwani kunyenyekea, alimjibu kwa barua ya Kiswahili akisema kwamba haoni sababu ya kumtii mtu huyo. Alisema kwamba yuko tayari kuwa rafiki yake, wala hayuko tayari kuwa mtumwa wake. Majeshi yalitumwa mara kadhaa kumkabili, na mwaka 1899 yeye na watu wake wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kwa hiyo ukimya wa uwanda mwaka 1905 haukuwa ukimya wa watu walioridhika. Ulikuwa ukimya wa nyumba ambayo msiba umetoka humo karibuni.

Sababu ya pili ni siasa ya wenyeji wenyewe. Wakuu wa Wayao, Matola wa Newala, mrithi wa yule wa kwanza, na Nakaam wa Chiwata, walisimama upande wa serikali, wala hawakufanya hivyo kwa kumpenda Mjerumani. Sababu ni kwamba mahasimu wao wa siku nyingi walikuwa wameshika maji. Na habari ilipofika kwamba Wangoni nao wameingia vitani, watu wa Masasi na Newala walioikumbuka 1882 hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Wanahistoria wa siku za karibuni, akiwamo Felicitas Becker, wametilia mkazo jambo hili: kwamba kusini-mashariki vita vile havikuwa tu vya raia na serikali, bali vilivaa pia ugomvi wa wakubwa wa nchi, wa biashara na wa heshima, uliokuwapo kabla ya Mdachi kushuka melini.

Sababu ya tatu iko katika ardhi. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaonyonya maji, bila mito juu yake, na kwa vizazi na vizazi wanawake wameshuka makorongo marefu na kupanda tena na mtungi kichwani. Zamani nchi yote ilifunikwa na vichaka vizito visivyopitika, na ndani ya vichaka hivyo Wamakonde waliishi kwa makazi yaliyotawanyika, kila moja na mkubwa wake, bila mfalme wala mtemi wa kuwakusanya. Akida hupata taabu kukusanya kodi mahali pa namna hiyo, na pamba haipamezei mate. Basi yale maudhi yaliyomkuta Mmatumbi kila asubuhi mlangoni mwake, yalimfikia Mmakonde kwa nadra, na maudhi yasipofika mlangoni huwa habari za watu wengine.

Kutokana na hayo ndipo ninapouona upungufu wa pande zote mbili za mzozo tulioutaja mwanzo. Anayesema kwamba kukaliwa na wageni peke yake kunatosha kuwa sababu, hana cha kumwambia mtu wa Newala. Na anayesema kwamba sababu ni imani iliyopotoka, uchochezi na ukatili wa asili, hana cha kusema juu ya Nandete, ambako watu hao hao wenye imani ile ile waliishi na waganga wao miaka mingi pasipo vita, hata siku pamba ilipoletwa. Utawala wa kigeni ni kuni kavu. Dhulma inayogusa mwili na chakula cha mtu ndiyo kibiriti. Imani huufanya mkono usitetemeke. Na ujirani wa zamani, wa wema au wa uhasama, ndio upepo unaoamua moto uende wapi. Ukiondoa kuni, vingine vyote haviwaki. Lakini kuni haziwaki zenyewe.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Alipohutubia Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1956, huku dunia ikiwa imejaa habari za Mau Mau ya Kenya, alisema ya kwamba watu wake hawakuingia katika Maji Maji kwa kuogopa kikundi cha kigaidi wala kwa kiapo cha ushirikina. Waliitika mwito wa kimaumbile wa kumwondoa mtawala mgeni. Maneno hayo yalilenga zaidi ya Tanganyika, kwa kuwa miaka miwili nyuma serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza maandishi ya daktari wa magonjwa ya akili, J. C. Carothers, aliyeueleza uasi wa Wakikuyu kuwa ni maradhi ya nafsi za watu waliokwama kati ya mila za kale na maisha mapya. Na mwaka 1960 taarifa ya serikali iliyoandikwa na F. D. Corfield ikazidi kuinyima ardhi nafasi yake katika kisa hicho. Kumpeleka kwa tabibu mtu anayedai shamba lake ni namna nyingine ya kutomsikiliza. Serikali ya Uingereza ilikuja kueleza majuto yake mwaka 2013, ikawalipa fidia wazee 5,228 walioteswa; na hakuna hata mmoja kati yao aliyelipwa kwa kuwa mgonjwa wa akili.

Tuvuke sasa Ruvuma. Wareno hawakuwa wageni kabisa kwa watu wa Newala, kwa maana katika Vita Kuu ya Kwanza, mwishoni mwa 1916, walivuka mto wakaishika Newala yenyewe, na baada ya kama mwezi mmoja Wajerumani wakawatoa. Ng'ambo, kwenye uwanda wa Mueda, walikaa wakilimisha watu pamba kwa nguvu na kuwachukua kwa kazi za shokoa, hata vijana wengi wa Kimakonde wakavuka kuja katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako walijifunza maneno mawili ambayo bado hayakuruhusiwa kwao, yaani chama na uhuru. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika Mueda, na wajumbe wao, akina Faustino Vanomba na Kibiriti Divane, wakamwendea gavana kuzungumza. Wakakamatwa, watu wakapiga kelele kuwatetea, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa ingali ikibishaniwa, kwani harakati za ukombozi zilitaja zaidi ya 500 na kumbukumbu za Wareno zinataja wachache mno, lakini hakuna anayebisha kwamba watu walikwenda kuomba mazungumzo wakarudi na majeneza. Mwaka 1962 FRELIMO, harakati ya kuikomboa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi ya kwanza ya vita ikalia huko Chai, katika mkoa huo huo wa Cabo Delgado. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea, si mbali na Masasi.

Lisbon iliwaita magaidi. Hapa tunapata funzo jingine juu ya sababu: kwamba njia ya amani ikifungwa kwa risasi, si wote watakaoshika bunduki, lakini wale watakaoishika watasikilizwa kuliko walivyosikilizwa jana. FRELIMO yenyewe ilijadiliana kwa uchungu juu ya nani hasa ni adui, na uongozi ukashikilia kwamba adui ni utawala wa kikoloni, wala si kila mtu mweupe. Hiyo ilikuwa hukumu ambayo haikuwa rahisi kuitamka mbele ya watu waliozika Mueda. Na kiongozi aliyeisimamia hukumu hiyo, Dakta Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 na bomu lililofichwa ndani ya kitabu na kutumwa kama kifurushi, na wengi wanaamini kwamba polisi ya siri ya Ureno ilihusika. Basi nani gaidi? Jina hilo hugawiwa na mwenye redio kubwa, na kwa hiyo msomaji mwangalifu hulipima kwa kitendo, bila kujali limetamkwa na nani.

Kwa kipimo hicho hicho lazima tuyatazame mambo ya leo, tusijifiche nyuma ya utukufu wa zamani. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji walipovamia Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado umeungua tena, na mwaka 2020 mauaji yalivuka mto yakafika Kitaya, mkoani Mtwara. Msumbiji ni nchi huru, hivyo hapo hakuna mtawala mgeni wa kulaumiwa. Lakini mzozo umerudi ukiwa umevaa kanzu ile ile: wengine wanasema ni itikadi iliyoletwa kutoka nje, wengine wanasema ni vijana walioona rubi za Montepuez na gesi ya Palma zikipita mbele yao bila kuwaachia hata kazi. Kila upande una sehemu ya haki. Walakini anayewachinja wanakijiji wenzake hapati udhuru kwa sababu tumemweleza. Kueleza chanzo cha jambo ni kazi ya akili, na kulihalalisha ni kazi nyingine kabisa, na mwenye kuzichanganya hizo mbili atashindwa zote mbili.

Kama msomaji bado ana shaka ni sababu gani iliyokuwa na uzito zaidi mwaka 1905, asiwasikilize watawala walivyosema, bali aangalie walivyofanya. Baada ya vita, serikali iliyokuwa imelaumu uchawi iliyaacha mashamba ya pamba ya pamoja. Na gavana mpya, Albrecht von Rechenberg, mtu aliyejua Kiswahili, alishika njia ya kumwacha mkulima alime na kuuza mazao yake mwenyewe. Waganga waliendelea kuwapo, na maji yaliendelea kuchotwa kila asubuhi katika makorongo ya Newala. Kilichoondolewa kilikuwa pamba ya kulazimishwa.